Msome mwizi wa kuku kabla hujanunua wavu

Swali: Shikamoo mzee. Ninaishi Pongwe, Tanga, na nyuma ya nyumba nina kuku wa kienyeji 34 pamoja na vifaranga. Tangu masika yaanze sina raha. Vifaranga 11 wamepotea mchana, mmoja mmoja. Kisha usiku mmoja matetea watatu walikufa. Niliwakuta kando ya wavu, vichwa hakuna, miili mizima. Wiki iliyopita kuku aliyekuwa anaatamia ametoweka, mayai 9 yako palepale yamepoa, hakuna damu wala unyoya, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndoano kama nilivyouacha. Majirani wanasema ni uchawi wa chuma ulete. Mume wangu amenunua dawa ya kuweka kwenye nyama. Nina shilingi laki mbili. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kuku 34 ni kitoweo cha mgeni, ni daftari za watoto, ni nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Nakuelewa unaposema huna raha.

Nianze na hiyo dawa, maana haingoji. Mwombe baba watoto asiiweke. Nimefanya kazi ya ubwana mifugo miaka mingi, Muheza na Pangani, na sijaona nyumba hata moja iliyopona wezi wa kuku kwa nyama ya sumu. Ikishatoka mkononi mwako hujui itaishia wapi. Mbwa wa jirani anaikokota hadi uwanjani wanapocheza watoto, kunguru anaidondosha juu ya bati mnalokingia maji ya mvua, mnyama anaila nusu na kwenda kufia kisimani. Niliwahi kuitwa kijiji kimoja njia ya Pangani, mtu alikuwa amemtegea fungo. Fungo hakufa. Walikufa mbwa wawili na paka wa nyumba tatu, na kabla mwaka haujaisha panya walikuwa wamejaa ghalani, na nyuma ya panya wakaja nyoka. Tena kwa sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2009, kumuua mnyamapori bila kibali ni kosa. Chupa yenyewe msiimwage chooni wala mtoni. Ifungeni vizuri, iwekwe juu mahali watoto hawafiki, na mumuulize aliyewauzia au afisa kilimo wa kata namna ya kuirudisha.

Sasa tuwatafute wezi. Nasema wezi kwa sababu barua yako ina watatu, na dawa ya mmoja haimgusi mwingine. Hapa ndipo wafugaji wengi wanapopoteza fedha: mtu anaibiwa na kunguru mchana, anakwenda kununua kufuli.

Tuanze na wale matetea wasio na vichwa, kwa sababu hao wamekuachia ushahidi ulio wazi kabisa. Kuku usiku haoni. Jogoo anayewafukuza mbwa saa nne asubuhi, usiku unaweza kumchukua mkononi kama embe. Basi kuku wako walilala chini, au kwenye ufito ulio karibu sana na wavu. Mnyama amekuja nje, amezunguka, amegusa wavu. Kuku wameshtuka, wakajibanza kwenye kona wasijue hatari iko upande gani, na mmoja akatoa shingo kwenye tundu. Kule nje meno yalikuwa yanasubiri. Akakivuta kichwa, mwili ukakwama kwenye wavu, akala kilichotoka na kumfuata wa pili. Ndiyo maana miili imebaki mizima. Mwizi huyo hakuingia ndani hata hatua moja.

Ni nani? Kwetu huku kila kitu chenye mkia mrefu kinachokula kuku tunakiita kicheche, lakini kicheche mwenyewe ni yule mdogo mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni, anayetoa harufu kali ukimsumbua. Kazi hii ya kuvuta vichwa naiona zaidi kuwa ya kanu au ya paka. Kanu ni mwembamba, ana madoa mwilini na pete mkiani, anapanda kama paka, na tundu linalopitisha kichwa chake linapitisha na kiwiliwili. Leo kavuta vichwa kwa nje. Akipata upenyo atashuka ndani, na hapo utakuta waliokufa ni watano au sita, kwa kuwa kila kuku anayepiga mabawa gizani anamchochea kuuma tena.

Ikitokea hivyo, usikimbilie kuwazika. Chukua kuku mmoja, lowesha vidole, ulalishe manyoya ya shingo pande mbili kama unavyomchana mtoto nywele, uitazame ngozi. Vitundu vidogo vilivyokaribiana nyuma ya shingo ni vya kanu, nguchiro au kicheche. Ngozi ikiwa imechanika mgongoni na mapajani, manyoya yametapakaa uwanja mzima na nyama haijaliwa, huyo ni mbwa, na mara nyingi ni mbwa mwenye bwana wake. Rundo la manyoya yaliyonyonyolewa mahali pamoja, na kidari kimeliwa, ni kipanga, naye huja mchana. Vifaranga walioumwa miguu usiku, au waliokokotwa nusu kwenye shimo la sakafu, ni panya. Kuku aliyekufa kichwa na shingo vimelowa ute, bila jeraha kubwa, huyo chatu alijaribu kummeza akashindwa.

Tiba ya wavuta vichwa ni rahisi na karibu ni bure. Fito za kulalia zihamishe katikati ya banda, kuku akikaa pasiwe na wavu ndani ya urefu wa mkono wako. Sehemu ya chini ya wavu, kuanzia ardhini hadi kiunoni, izibe kwa mabanzi yaliyopigiliwa bila kuacha nafasi, au kwa bati kuukuu. Hewa itaingia kwa juu. Kazi hiyo ni ya siku moja, na naomba iwe ya kwanza.

Kuhusu wavu wenyewe, ule mwepesi wa matundu ya pembe sita mbwa anaupasua kwa meno, na panya anapita bila kuinama. Penye hatari weka waya mnene wa matundu ya mraba ya nusu inchi, na usizungushie banda zima, fedha itaisha: weka kwenye madirisha na pale ukuta unapokutana na bati. Chini, badala ya kuchimba sana, lalisha kipande cha wavu juu ya ardhi kuelekea nje, upana wa futi moja na nusu, ukifunike kwa mawe na udongo. Mnyama anayechimba huanzia kwenye mguu wa ukuta. Akikuta waya chini ya kucha hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili aanze upya. Pongwe mko ndani kidogo, lakini wenzako wa Raskazone na Sahare wajue kwamba chumvi ya bahari inakula waya. Unauona mzima, ukiuminya kwa vidole unavunjika. Uminywe kila masika yanapoisha.

Nakuja kwa kuku aliyetoweka, na hapa ninaomba unisome polepole kwa sababu ya yale maneno ya chuma ulete. Neno hilo likishatamkwa mtaani hutafuta mtu wa kumkalia, na aghalabu humkalia bibi kizee anayeishi peke yake. Kuku anayeondoka bila damu wala unyoya ana maelezo mawili ya kawaida kabisa. Amemezwa, au amebebwa.

Chatu hammenyi kuku. Anamkaba, anammeza mzima, na mayai anayaacha, kwa sababu anachofuata ni kiumbe chenye joto. Hilo linalingana na ulichokiona. Lakini chatu akishameza kuku mzima tumbo linavimba, na hatoki tena kwa upenyo alioingilia kama ni mwembamba. Mara mbili nimefungua banda nikamkuta amejikunja palepale kwenye kiota, hawezi kwenda popote. Basi chukua ngumi zako mbili uziweke pamoja, uzunguke banda lako, utafute tundu linalozipitisha, hasa juu ya ukuta chini ya bati. Ukilipata, chatu anawezekana. Usipolipata, kuku wako katoka mlangoni, na aliyefungua ndoano aliirudisha, kwani nyoka hafungi mlango. Mwizi wa namna hiyo anajua kuku anayeatamia hapigi kelele, na mayai aliyokalia siku nyingi hayauziki, ndiyo maana ameyaacha.

Kama ni mtu, usimtaje mtu. Nunua kufuli. Ndoano ya waya anaifungua hata mtoto wa miaka sita. Ifungue mwenyewe kwa kupitisha ufito kwa nje uone inachukua muda gani. Weka komeo la chuma na kufuli, bawaba zipigiliwe kwa ndani zisifunguliwe kwa bisibisi, na kama inawezekana banda liwe karibu na dirisha la chumba mnacholala. Kama ni chatu, ziba upenyo, fyeka majani hatua kumi kuzunguka banda, ondoa rundo la matofali na magogo. Ukimkuta ndani, funga mlango umwite ofisa wanyamapori wa halmashauri. Usimpige panga. Na usitegemee vitunguu saumu, mafuta ya taa wala moshi wa tairi. Nyoka anafuata panya, na panya anafuata pumba uliyoacha kwenye chombo usiku. Weka chakula kwenye pipa lenye kifuniko, fagia punje jioni, na hapo umewafukuza wawili kwa fagio moja.

Hao vifaranga 11 nadhani ndio wanaokuuma zaidi, kwa sababu wanakwenda jua likiwaka na wewe uko hapo hapo unapepeta mchele. Washukiwa ni wengi: mwewe, kunguru, paka wa mtaani, nguchiro, na kwa wanaokaa karibu na bonde, kenge. Namna ya kuwajua ni kukaa. Jumamosi mkalishe mtoto mkubwa chini ya mwembe kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi, amsikilize jogoo. Jogoo ana milio miwili ya hatari. Kitu kikitoka juu hutoa sauti moja nyembamba ndefu, na vifaranga hujitupa chini ya chochote kilicho karibu. Kitu kikija kwa miguu anakokoa kwa mfululizo, kwa hasira, shingo juu. Mtoto akisikia mara mbili tatu hatazikosea tena.

Mimi kwa hali ya Tanga ninamshuku kunguru kwanza. Hawa kunguru wenye shingo ya kijivu si wa asili yetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili wale taka, wakavuka kuja bara, na sasa wamejaa mji mzima. Huja wawili. Mmoja anatua mbele ya mama kuku, anamchokoza mpaka amfukuze, na mwenzake anashuka nyuma kuchukua kifaranga. Kuku anarudi akitamba kwamba ameshinda. Nimelitazama jambo hili nikiwa nimekaa hatua saba tu kutoka hapo, na bado sikuwahi.

Kwa hiyo usimwachie mama kuku vita hivi. Wiki sita za kwanza vifaranga wasitembee uwanjani. Tafuta tenga kubwa la kufunika, au tengeneza kizimba cha fito kilichofunikwa juu, uwaweke humo na mama yao, chakula na maji humohumo, kivulini, jiwe zito juu. Hamisha kila siku wapate ardhi mpya. Wakifika wiki nne unaweza kumtoa mama akarudi kutaga mapema, watoto wakabaki. Na wakiwa wamekusanyika hivyo, chanjo ya kideri inakuwa kazi ya dakika chache: tone moja jichoni, urudie kila miezi mitatu. Nalisema hapa kwa makusudi, maana kideri kikipita huua kuku wengi kuliko wanyama wote niliowataja.

Wakishatoka, wape mahali pa kukimbilia. Egemeza makuti mawili matatu kwenye vigingi vifupi, urefu wa goti, hapa na pale uwanjani. Mwewe hashuki penye kitu cha kumkwaza mabawa. Kama uwanja si mkubwa, nenda Deep Sea, kwenye soko la samaki mjini Tanga, kaulize wavuvi nyavu kuukuu. Hutolewa kwa bei ndogo, wakati mwingine bure. Zitandaze juu, zivutwe zikaze, juu ya kichwa cha mtu. Ncha zisiburute chini: nyavu iliyolegea inanasa miguu ya kuku, na nyoka akinasa humo utakuwa umejiletea kazi nyingine. Kupaka vifaranga rangi nimeona watu wanafanya. Mimi silitegemei hilo.

Kuna adui mmoja hujamtaja, na kwa kuwa umesema masika siwezi kumpita. Siafu. Mwaka wangu wa kwanza Muheza nilikuwa na kuku mmoja mwekundu, mama hodari, ameatamia mayai 12 ndani ya sanduku nililoliweka chini, kwenye kona ya banda. Usiku mvua kubwa ilinyesha. Alfajiri niliona mstari mweusi unapita chini ya mlango. Kuku wangu alikuwa bado amekaa, mabawa ameyatandaza juu ya mayai, na hakuwa hai. Mayai saba yalikuwa yameshaanza kutobolewa na vifaranga kwa ndani. Wenzake waliokuwa juu ya fito walipona wote. Tangu siku hiyo sijaweka kiota chini. Kiota cha anayeatamia kiwe juu ya kichanja chenye miguu, kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu au maji yenye oili kidogo juu, na kichanja kisiguse ukuta, maana siafu hutafuta daraja. Mvua ikinyesha usiku amka na tochi uzunguke banda. Ukiwakuta njiani, majivu ya moto yaliyomwagwa upana wa futi moja huwageuza.

Miguu ya banda lililoinuliwa nayo izungushie bati laini, urefu wa futi mbili, panya na kanu wateleze. Usitumie mlingoti wa mkonge kwa miguu hata kama huko kwenu unapatikana kila mahali. Ni mwepesi na mlaini, unafaa kwa fito za juu. Na tawi la mwembe linalogusa bati, likate. Kanu hana haja ya kupanda mguu wa banda ukimpa ngazi.

Laki mbili yako basi iende hivi: komeo na kufuli kwanza. Kisha mabanzi na misumari ya kuziba chini. Kisha waya mnene wa nusu inchi wa kuziba chini ya bati na madirishani tu. Tenga la vifaranga. Kitakachobaki kiwe cha chanjo. Taa ya jua ni nzuri ikikusaidia wewe kuona, lakini wanyama huizoea baada ya siku chache, isitangulie kufuli. Mbwa uliyemlea tangu mdogo pamoja na kuku ni mlinzi mzuri. Wako hakubweka usiku ule, au huna? Kama unaye na hakubweka, hilo nalo linanieleza kitu, uniandikie.

Na kila siku kuku waingie kabla ya adhana ya magharibi, uwahesabu mlangoni kwa mdomo, mmoja mmoja. Fungo na kanu huanza kutembea giza linapotanda, na kuku aliyebaki mtini saa moja usiku ni wa kwanza kuonekana.

Yale mayai 9 kama bado yako kwenye kiota yatoe leo uyafukie mbali, yakioza harufu itamleta fungo. Halafu chukua majivu ya jikoni, yachunge, uyanyunyize mbele ya mlango na kuzunguka ukuta, membamba kama unavyonyunyiza unga kwenye sinia la kusukumia chapati. Kesho alfajiri, kabla hujamfungulia kuku hata mmoja, yatazame. Mbwa huacha alama za kucha, paka haachi. Kenge huburuta mkia, utaona mstari katikati ya nyayo. Nyoka utaona utepe mmoja bila miguu. Na kandambili utazijua bila kuniuliza. Piga picha kwa simu, uweke kiberiti kando ya unyayo nipate kujua ukubwa wake, unitumie.